Siku zimekata, mwili unafukuta: maswali ya akina mama kuhusu homoni

Nina miaka 49, usiku naamka shuka limelowa chapachapa, nimepima malaria mara tatu hamna kitu. Ni nini?

Inawezekana kabisa ni hedhi inaelekea kukoma, mama. Wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55 na vurugu zinaanza hata kabla siku hazijakata, mwezi huu zinakuja mwezi ujao hamna, joto linapanda kifuani mpaka usoni dakika chache halafu linapoa, usingizi unapaa, hasira zinakuwa karibu, na huko chini kunakuwa kukavu mpaka tendo linauma (hili watu hawalisemi hata kwa daktari, wakati krimu ya kupaka ukeni yenye estrojeni, ile homoni ya kike inayopungua umri huu, inasaidia sana). Ila jasho likija na kikohozi na kukonda, kapime TB kwanza.

Miezi mitano sijaona siku, ndo nimemaliza?

Bado. Inahesabiwa miezi 12 mfululizo. Mimba za miaka 47 zipo, usiseme hukuambiwa.

Homoni wanazopewa wanawake kutuliza dalili hizo si zinaleta kansa?

Hapa ndo pana stori. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha sehemu yake iliyokuwa ikijaribu vidonge vya estrojeni na projestini (homoni jamii ya projesteroni) kwa sababu kansa ya matiti iliongezeka, basi wanawake wengi wakatupa dawa. Ongezeko lenyewe lilikuwa kama wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka, na wastani wa umri wa walioshiriki utafiti ulikuwa 63, yaani wengi walishamaliza hedhi zamani. Siku hizi ukianza kabla ya 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome na huna tatizo lingine, kwa kawaida faida inazidi, hadi mifupa inalindwa. Hatari ipo, sikufichi, na inapanda ukitumia miaka mingi.

Shoga yangu katolewa kizazi, anameza estrojeni tupu, anigawie?

Wee! Ukiwa na kizazi, estrojeni tupu inanenepesha ukuta wake wa ndani na inaweza kuleta kansa hapo, lazima iende na projesteroni. Na kama umewahi kupata kansa ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mwambie daktari mapema.

Miaka miwili sina hedhi, juzi nimeona matone ya damu.

Usifurahi eti ujana umerudi. Nenda kliniki wiki hii hii, wakaangalie mlango wa kizazi na kizazi chenyewe.