Mshauri nasaha wa manusura wa ukatili: kazi yake ni ipi hasa?

Jina lenyewe ndo linatuchanganya. Shauri ni shauri, na nasaha nayo ni shauri lilelile, maneno yote mawili yametoka Kiarabu, kwahiyo mtu anaenda kwa mshauri nasaha akitegemea ataambiwa muache huyo mume, msamehe baba yako, nenda polisi, afu anakuta mtu anamsikiliza tu na kuuliza maswali mawili matatu, anatoka pale analalamika mbona hajanishauri kitu.

Sasa hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Mtu aliyebakwa, au aliyepigwa miaka na miaka na mtu wa ndani, au aliyechezewa utotoni, kitu kikubwa alichopokonywa ni uamuzi, yaani mwili wake ulifanyiwa mambo bila yeye kuulizwa, na wewe ukija ukaanza kumwamulia, hata kwa nia njema, unamrudisha palepale. Ndo maana kaunsela anayejua kazi anauliza hata vitu unavyoona havina maana: utakaa wapi, mlango tuufunge au tuuache wazi, leo tuliongelee hilo au tuliache.

Kiwewe chenyewe, yaani lile jeraha la ndani analobaki nalo manusura, sio huzuni wala uoga wa kawaida. Tukio limeisha ila mwili bado haujapata taarifa. Harufu ya pafyumu fulani au mtu akimshika bega kwa nyuma, moyo unaanza kwenda mbio kana kwamba yanatokea sasa hivi. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali hii kwenye mwongozo wao mwaka 1980 kwa jina la PTSD, yaani ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, wanajeshi waliorudi toka vita ya Vietnam walichangia sana hilo, lakini mtu sio lazima awe ameenda vitani, nyumba aliyolelewa inatosha.

Afu kuna lile swali baya, mbona hukupiga kelele? Hofu ikizidi mwili unaweza kuganda, mikono haitii, sauti haitoki, na hiyo sio hiari wala sio kukubali. Manusura wengi wamejilaumu kwa hilo peke yao kwa miaka, kwa maoni yangu kuelezwa hivyo tu kunasaidia kuliko pole kumi.

Kuhusu kusimulia, watu wanadhani kaunsela kazi yake ni kuchimba stori itoke yote. Hapana. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, mwaka 1992 alieleza hatua tatu za kupona na ya kwanza ni usalama, yaani je bado analala nyumba moja na anayempiga? Kama amebakwa juzi, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, hiyo haisubiri mazungumzo. Kumbukumbu na maombolezo ni hatua ya pili, na ya tatu ni kurudi kwenye maisha na watu. Hazifuatani kama ngazi lakini, mtu anapanda anashuka.

Siri inatunzwa ila ina mipaka, mfano mtoto akiwa hatarini au mtu akitaka kujiua, na hilo manusura anatakiwa aambiwe siku ya kwanza kabla hajafungua mdomo, sio baadae.

Na yeye kaunsela masikio yake sio chuma. Ukisikia haya kila siku unaanza kuota ndoto za watu wengine, kwahiyo naye anatakiwa awe na mtu wa kukaa naye aongee.