Je, wajua kwa nini kamera iwe kitu cha mwisho kununua ukitaka kurusha laivu?

Siku hizi ni nadra kukuta harusi, mahafali au mkutano wa injili jijini Mwanza usio na mtu amesimama pembeni na simu kwenye stendi, akiwarushia laivu ndugu walioko Dar, Bukoba au ughaibuni. Anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa malipo huanza na swali moja: ninunue kamera gani? Jibu letu ni kwamba kamera ije mwisho. Zitangulie sauti, njia ya intaneti na umeme.

Sababu ya kwanza ni kwamba picha yako haimfikii mtazamaji kama ilivyotoka kwenye kamera. Inabanwa kabla ya kuondoka mikononi mwako, kisha YouTube au Facebook huibana tena. Ukirusha kwa 720p (ukubwa wa picha) na megabiti 3 kwa sekunde, kiwango ambacho laini nyingi za simu zinakimudu, sehemu kubwa ya ubora ulioulipia kwenye kamera ya mamilioni huishia njiani. Sauti haina bahati hiyo ya kufichika. Picha ikififia kidogo mtu huendelea kutazama, lakini kiapo cha harusi kisiposikika hana cha kubakia.

Sababu ya pili ni umbali. Kila unapozidisha mara mbili umbali kati ya mdomo na maiki, sauti ya msemaji hushuka desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa ukumbi unabaki palepale. Ukumbi wenye vigae chini na bati juu una mwangwi mwingi. Simu iliyo mita tano kutoka kwa MC hupokea mwangwi huo zaidi kuliko sauti yake, na MC akinyamaza simu hujiongezea usikivu yenyewe, ukasikia feni, vijiko na watoto. Hakuna kamera inayoponya hilo. Dawa ni maiki iliyo karibu na mdomo.

Bajeti ya laki mbili

Kama una simu janja inayofanya kazi vizuri, usiibadilishe. Laki mbili iende kwenye maiki ya kubana kifuani yenye waya, stendi imara na pawabenki ya mAh 20,000. Anayeanza apendelee waya kuliko maiki zisizo na waya za bei ya chini. Nyingi ya hizo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi, na mwili wa mtu mmoja tu akikatisha katikati unatosha kuzikatisha sauti. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu.

Angalia pini kabla ya kulipa. Yenye mistari mitatu myeusi imetengenezwa kwa ajili ya simu. Yenye miwili ni ya kamera, na simu nyingi haziitambui. Maiki kama BOYA BY-M1, ambayo waya wake una urefu wa mita 6, ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Ikikaa upande usio wake, utadhani umeuziwa kitu kibovu. Simu isiyo na tundu la pini huhitaji adapta ya USB-C, na adapta si zote zinazokubaliana na kila simu, kwa hiyo ijaribu palepale dukani. Rekodi video fupi huku ukikwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha. Ukicheza video na mkwaruzo usisikike kwa nguvu, simu bado inatumia maiki yake ya ndani.

Kwa shughuli za ufukweni ongeza kitu kimoja: kifuniko cha manyoya cha maiki. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi hupanda, na ile ya ziwani huingia kujaza nafasi, ndiyo maana upepo wa ziwa hukaza alasiri. Sponji nyeusi inayokuja na maiki huzuia pumzi ya mdomo tu. Upepo huo utaipita na kuacha mvumo mzito unaofunika maneno. Manyoya huuvunja upepo kabla haujagusa maiki.

Simu yenyewe ivue kava, iweke kivulini na upunguze mwanga wa kioo. Kurusha laivu huku ukichaji huipa joto maradufu, na simu iliyopata moto hujipunguzia kasi au hujizima. Ukipigiwa, matangazo yanaweza kusimama, hivyo tumia laini isiyojulikana na watu na uwashe hali ya usisumbuliwe. Jioni, jua linapozama upande wa ziwa, usimweke bwana harusi maji yakiwa nyuma yake; simu itaupima mng'ao wa maji na kumgeuza kivuli. Jua liwe mgongoni mwako, kisha shikilia kidole juu ya uso wake kwenye kioo hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisibadilike tena.

Kwa nini inaganda ukumbi ukijaa?

Hapa ndipo wengi hulaumu simu bure. Asubuhi ukipima, kasi ya kupakia ni megabiti 10. Saa kumi jioni wageni mia tatu wameingia, vijiti vya mtandao kwenye simu vimejaa, lakini picha inaganda. Vijiti huonyesha nguvu ya mawimbi tu. Nafasi ya kupakia kwenye mnara hugawanywa kwa simu zote zinazoutumia upande huo, na wageni wako wote wanapandisha picha za keki kwenye status kwa wakati mmoja.

Pima kasi ya kupakia, siyo ya kupakua, na ikiwezekana ipime siku ambayo ukumbi huo una shughuli nyingine. Kisha tumia nusu yake tu. Ukipata megabiti 6, rusha kwa 3. Ukipata 3, shuka hadi 1.5 na 480p bila kuona aibu, kwa sababu picha ndogo isiyokatika ni bora kuliko kubwa inayoganda. Beba laini za kampuni mbili tofauti. Hapa Mwanza kuna jambo la ziada: majabali. Jiwe kubwa la matale likikaa kati yako na mnara hupunguza mawimbi sana, kiasi kwamba kuhamisha ruta mita kumi, au kuipandisha dirishani, hubadilisha kila kitu.

Bando pia lina hesabu. Megabiti 3 mara sekunde 3,600 ni megabiti 10,800 kwa saa. Gawanya kwa 8, unapata MB 1,350. Weka na sauti, ni kama GB 1.4 kwa saa. Shughuli ya saa nne inataka GB 6 na akiba juu yake.

Milioni moja na nusu

Ukifika hapa, nunua kompyuta mpakato iliyotumika yenye RAM ya GB 8, ruta ya 4G, UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta na kadi ya sauti ya USB. Programu ya kurushia laivu ya OBS Studio ni ya bure. Ndani yake chagua kisimbaji cha maunzi (hardware encoder, kifaa cha ndani kinachobana video badala ya prosesa) kama kompyuta inacho, la sivyo prosesa itaelemewa na picha itaanza kurukaruka hata intaneti ikiwa nzuri. Muda kati ya fremu kuu (keyframe, yaani picha kamili) uweke sekunde 2. Simu yako inaendelea kuwa kamera.

Kadi ya sauti ndiyo itakayokutenganisha na wengine, kwa sababu sasa unaweza kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye miksa ya fundi mitambo. Usiichomeke miksa kwenye tundu la maiki la simu. Sauti itokayo huko ina nguvu mara mamia kuliko tundu hilo linavyotarajia, na utapata mkoromo. Tena usiombe sauti ileile inayokwenda kwenye spika za ukumbi. Kwenye ukumbi mdogo ngoma na gitaa husikika zenyewe, fundi haziongezi, kwa hiyo kwenye laivu kwaya itasikika kana kwamba haina wapigaji. Omba njia ya AUX (tundu la miksa la kutolea sauti ya pembeni) peke yake, na weka maiki moja ya kusikiliza ukumbi. Kwenye mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wakati wa sherehe ya Bulabo kule Bujora, Kisesa, acha nafasi kubwa juu kwenye kipimo cha sauti, kama desibeli 12 chini ya kikomo, maana pigo moja la ngoma hupanda ghafla kuliko sauti ya mwimbaji.

Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, huo ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya kompyuta na miksa zilizochomekwa sehemu tofauti. Zichomeke kwenye ekstensheni moja, au tumia kitenganishi cha sauti. Usikate pini ya ethi ya plagi kamwe. Ipo ili umeme ukivuja usimuue mtu.

Milioni tano na kuendelea

Sasa kamera. Kabla ya kununua iliyotumika, iunganishe kwenye televisheni kwa HDMI na uhakikishe inatoa picha bila maandishi ya menyu, kisha iache iwake dakika 40. Baadhi hujizima zikifika nusu saa au zikipata joto. Swicha (kifaa cha kubadilisha kutoka kamera moja hadi nyingine) kama ATEM Mini ya Blackmagic hupokea HDMI nne; ATEM Mini Pro huweza pia kurusha yenyewe kwa waya wa mtandao bila kompyuta. Waya wa kawaida wa HDMI usizidi mita 10 hadi 15. Zaidi ya hapo picha hupotea ghafla, na kanisa kubwa litahitaji SDI, waya wa video wa masafa marefu. Taa zikimetameta kwenye picha, weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde iendane na umeme wetu.

Anayerusha habari na matukio kama chombo cha habari aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Na katika kila bajeti rekodi nakala yako mwenyewe wakati wa kurusha, kwa sababu tangu Februari 2025 Facebook hufuta video za laivu baada ya siku 30. Kwa megabiti 3, shughuli ya saa nne haizidi GB 6 kwenye diski.