Ndege nyuki haimtafuti mtu peke yake

Mvua za Dodoma zikianza kushuka na makorongo kujaa, lawama tunazopokea sisi waokoaji tunaotafuta waliopotea huwa ni zile zile: "Ndege nyuki (droni) ipo, mbona mnakuja na kamba na mabuti?" Swali si baya. Linachosha tu pale anayeuliza ameshajijibu.

Kamera ya joto iliyofungwa kwenye ndege hizi husoma tofauti kati ya joto la mwili na la vitu vilivyouzunguka. Saa nane mchana, mwamba na mchanga wa korongo huweza kuwa na joto la ngozi ya mtu au kulizidi, na hapo aliyelala juu yake hatofautiani nao. Ndiyo maana tunapenda kurusha alfajiri, ardhi ikiwa imepoa. Kamera hiyo haioni ndani ya maji. Aliyezama kwenye bwawa la Hombolo au la Mtera hutafutwa na wazamiaji, maji yawe safi au yawe na tope. Vichaka vya Itigi, upande wa Manyoni, navyo vikiwa na majani hufunika kila kilicho chini.

Halafu kuna betri. Chukua mfano: ndege iko juu mita 80, inakwenda mita 5 kwa sekunde, na kila mpito unakagua upana wa mita 50. Kwa dakika 25 itakuwa imemaliza kama theluthi moja ya kilomita moja ya mraba, tena bila kuhesabu muda wa kwenda na kurudi. Kwa hiyo ukituambia "kapotelea huko porini", hujatuambia kitu. Tunataka mahali alipoonekana mara ya mwisho, saa ngapi, nguo za rangi gani, simu yake kama inaita, na kama ana kawaida ya kujificha akiitwa. Watoto wadogo hufanya hivyo, na wazee waliopoteza kumbukumbu pia.

Usisubiri saa 24. Sijui kanuni hiyo ilitoka wapi. Piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Polisi, na mjulishe mtendaji wa kijiji saa hiyo hiyo.

Linalotukwamisha zaidi ni wema. Kijiji kizima huingia porini usiku na tochi, na kwenye kioo chetu kila mmoja ni doa jeupe. Aliyepotea ni doa moja kati ya mia, na kila doa lazima likaguliwe. Tukiomba watu watoke eneo fulani kwa nusu saa, hatudharau juhudi zao. Kaeni pamoja barabarani, mmoja wenu anayelijua pori asimame na mrushaji.

Kuhusu wenye ndege zao binafsi: kusajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kupata kibali cha kurusha, pamoja na ridhaa ya mamlaka za ulinzi, ni sharti hata kama nia yako ni kusaidia. Kibali cha kupiga picha za harusi hakikupi ruhusa ya kurusha juu ya eneo la uokoaji. Ukirusha bila kibali, ndege inaweza kuzuiliwa nawe ukashtakiwa, na wakati huo huo sisi tunalazimika kuishusha yetu ili zisigongane. Ukishakuwa na kibali, jitambulishe kwanza kwa kiongozi wa operesheni. Akikuhitaji atakupangia eneo na kimo. Picha za majeruhi na marehemu mkabidhi yeye, usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp.

Jambo la mwisho kwa wafugaji. Mifugo ikirudi nyumbani bila mchungaji, angalieni imetokea upande gani kabla ya kuifungia zizini, na msiache kundi jingine lipite juu ya nyayo zake. Tukifika alfajiri, tutaanzia hapo.