Jinzi kuukuu haimaanishi mkoba dhaifu
Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wengi huamini kwamba mkoba wa jinzi kuukuu haudumu: suruali imeshachoka, basi na mkoba utachanika upesi. Imani hiyo haikutoka hewani, maana nani hajaona jinzi ikitoboka magotini?

Lakini suruali haichakai sawasawa. Huliwa magotini, makalioni na katikati ya mapaja, panaposuguana. Nyuma ya mguu, chini ya goti, kitambaa mara nyingi bado ni kizima, na hapo ndipo pa kukata mkoba.

Hakikisha mwenyewe. Jinzi ya kawaida ya bluu imefumwa kwa nyuzi za bluu zinazoshuka na nyeupe zinazokatiza. Inua kipande dirishani, kisha kivute kwa mikono miwili. Ukiona nyuzi nyeupe zimebaki zenyewe kama vipandio vya ngazi, za bluu zimeshakatika, kiweke kando. Kikiwa kimeshikamana na mwanga haupenyi, kata bila wasiwasi.

Mimi huhofia zaidi mpini. Mkoba huanza kuachia pale mpini unapoungana na mdomo, hata jinzi ikiwa mpya. Shona hapo mraba wenye msalaba ndani yake, kwa sindano namba 16 au 18. Vipande vya kitenge viwe bitana na mifuko ya ndani, visibebe uzito. Cherehani ya miguu inatosha. Pindo nene ligonge kwanza kwa nyundo mpaka lilale, kisha lipitishe taratibu ukizungusha gurudumu kwa mkono.