Mumunye likiwa chungu, tupa

Mumunye changa nitalijuaje sokoni?

Libonyeze kwa ukucha: changa ukucha huzama, na ganda lake bado lina vinyweleo laini. (Mwombe muuzaji kwanza, hakuna anayependa bidhaa zake zitobolewe.) Likiwa gumu na ukiligonga linalia ko-ko-ko, mwachie anayetafuta kibuyu. Mmea ni uleule.

Likae wapi?

Zima na kavu, kwenye friji, wiki moja hivi. Ukishalikata, lifunike na lipike ndani ya siku mbili.

Mama mkwe huonja kipande kibichi kabla ya kubandika sufuria. Kwa nini?

Yuko sahihi. Mumunye, tango na boga ni jamii moja, na jamii hiyo hutengeneza sumu chungu ziitwazo kukabitasini. Kwa kawaida huwa kidogo mno hata ulimi hauzihisi, ila jua kali na ukame huweza kuzizidisha. Moto hauziondoi, na tui linaficha uchungu tu. Kata kipande chembamba, kiguse kwa ulimi. Kikiwa chungu, tema, sukutua, tupa mumunye zima. Najua linauma ukikumbuka bei yake.

Nimeambiwa juisi ya mumunye bichi hushusha sukari. Ninywe?

Mimi singekunywa. India, ambako wengi huinywa asubuhi, watu wamelazwa wakitapika damu, na wapo waliofariki, baada ya kunywa iliyokuwa chungu. Ule msemo kwamba dawa chungu ndiyo dawa hapa unaua. Sumu hii haina dawa yake maalumu. Hospitali hutibu dalili. Kwa hiyo ukiinywa kisha ukaanza kutapika, kuharisha au tumbo kukukata, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na dawa zako za kisukari usiziache.

Kulila kama mboga je, mwenye kisukari?

Ale. Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Apime zaidi tui, na wali wa pembeni.

Linapikwaje?

Menya, kata vipande, toa mbegu zilizoanza kukomaa. Kaanga kitunguu na nyanya, tia bizari, kisha mumunye na tui jepesi kidogo. Maji usiongeze, lenyewe hutoa mengi. Likilainika, mimina tui zito, koroga polepole lisikatike, na likianza kuchemka tu, epua.