Shaaban Robert hakusema ushairi ni vina tu

Fasili ya Shaaban Robert (1909–1962), kwamba ushairi ni sanaa ya vina (silabi za mwisho zinazofanana), hunukuliwa kila mara, kisha hukatwa hapohapo. Wengi huondoka wakiamini kuwa vina vikitimia, shairi limepatikana. Lakini yeye aliendelea: zaidi ya vina, ushairi una ufasaha wa maneno machache, au muhtasari. Nusu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayosahauliwa.

Tazama mshororo huu wa mizani (silabi) 16, nane kila kipande:

*Bahari imechafuka, imechafuka bahari*

Hesabu imetimia, lakini utao (kipande cha pili) umerudia ukwapi (kipande cha kwanza) bila kuongeza kitu. Sasa huu:

*Bahari imechafuka, nahodha ashusha tanga*

Mizani ni zilezile, ila sasa tunamwona mtu, chombo na hatari.

Kosa huanza pale mtunzi anapopanga kwanza maneno yenye vina, kisha akatafuta cha kuyajazia. Anza na jambo lenyewe. Liandike kwa nathari, sentensi moja. Futa kila neno lisilobeba kitu, ndipo uhesabu mizani. Ikizidi moja, inkisari, yaani kufupisha neno, ipo: “nimeona” huwa “meona”. Ikizidi nne, fikiri upya mshororo mzima.