Kichupa cha GRK2: yanayosemwa maabara na ukweli wenyewe

Naandika hii kwa vijana wa maabara, nyie mnaosoma baiolojia ya molekuli au famasia ambao siku moja mtapewa kichupa kidogo cha protini kimeandikwa GRK2, rikombinanti, kwa matumizi ya utafiti tu. Maneno ninayoyasikia kuhusu vichupa hivi ni yale yale kila mwaka, na kila mwaka kuna kichupa kinaharibika kwa sababu ya maneno hayo. Na mnavijua vyenyewe, ndani mna mikrogramu 10 tu, imeagizwa nje, imezungushwa na vibali wiki kadhaa, inafika airport barafu kavu imebaki kidogo mwishoni mwa boksi, halafu mtu anakuja kuiua asubuhi moja kwa kutojua. Inauma sana.

Tuelewane kwanza hii protini inafanya nini mwilini. Ukishtuka, adrenalini inatoka, inaenda kushika kipokezi kwenye utando wa seli ya moyo, kipokezi kinaiamsha protini G iliyoko upande wa ndani na moyo unaanza kudunda haraka. Vipokezi vya ukoo huu binadamu anavyo karibu 800, na kama theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa zinafanyia kazi humo. Sasa kipokezi hakiwezi kuachwa kinapiga kelele saa zote, lazima awepo wa kukituliza, na huyo ndo GRK, yaani kinasi (kimeng'enya cha kubandika fosfeti) ya vipokezi vya protini G, na GRK2 ni mojawapo. Inachomoa fosfeti kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inaibandika kwenye mkia wa kipokezi, mara nyingi kwenye asidi amino za serini na threonini, halafu inakuja protini nyingine inaitwa arestini inakalia pale pale, protini G inakosa pa kushika, na mara nyingi kipokezi kinavutwa ndani ya seli. Walioieleza GRK2 mwaka 1986 ni kundi la Robert Lefkowitz pale chuo kikuu cha Duke Marekani akiwemo Jeffrey Benovic, wakati huo wakiiita kinasi ya kipokezi cha beta-adrenajiki, na jeni yake ikanakiliwa 1989. Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobel ya kemia 2012 kwa kazi yao kwenye vipokezi hivi.

"Kinasi kazi yake ni kuwasha"

Hii inatoka darasani na naelewa kwa nini. Edwin Krebs na Edmond Fischer miaka ya 1950 walionyesha kwamba kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni kwenye misuli kinaamka kikibandikwa fosfeti, wakapata Nobel 1992, na walimu wengi wanaanza na mfano huo, kwa hiyo mwanafunzi anatoka anajua fosfeti ni swichi ya kuwasha. Fosfeti ni alama tu. Maana yake inategemea imebandikwa wapi na nani anakuja kuisoma, na kwa GRK msomaji ni arestini, ambaye anazima njia ya protini G.

Angalia jicho lako. Fotoni ikigonga rodopsini, ambayo nayo ni kipokezi cha ukoo huu huu, GRK1 inaibandika fosfeti ili taa izimwe na seli iwe tayari kuona tena. Wapo watu waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya GRK1 au ya arestini ya jicho, wana ugonjwa unaoitwa Oguchi, ulielezwa kwanza Japani 1907, mtu akiingia gizani anakaa masaa mpaka macho yazoee wakati wewe na mimi inatuchukua nusu saa hivi. Yaani kukosa kinasi kumefanya kipokezi kichelewe kunyamaza. Ukishaliona hilo hutasema tena kinasi ni ya kuwasha tu.

Ila na wewe usikimbilie upande wa pili useme GRK ni ya kuzima tu, kwa sababu arestini ikishakaa inaweza kuanzisha ishara zake nyingine ndani ya seli. Inazima njia moja, pengine inafungua nyingine.

"Rikombinanti ni protini feki"

Nimeshaulizwa hili hata na watu wenye digrii. Neno rikombinanti linasema tu kwamba jeni ilichukuliwa ikapachikwa kwenye kiumbe kingine ili kiitengeneze hiyo protini kwa wingi. Mpangilio wa asidi amino ni ule ule, GRK2 ya binadamu ina asidi amino 689 na uzito wa karibu kilodaltoni 80, iwe imetoka kwenye moyo au kwenye chupa ya seli. Insulini ya wagonjwa wa kisukari imekuwa ikitengenezwa kwa njia hii tangu 1982.

Na hapa kuna kitu mkulima yeyote wa mahindi angependa kukisikia. Kinasi hizi mara nyingi zinatengenezwa kwenye seli zinazoitwa Sf9, na Sf ni Spodoptera frugiperda, ambaye ni nani? Ni kiwavijeshi vamizi, huyu huyu aliyeripotiwa Afrika 2016 na kufika Tanzania na Kenya 2017 akala mashamba ya watu. Seli zilitolewa kwenye ovari za pupa wake, hatua ya kabla hajawa nondo, miaka ya 1970 huko Marekani, zikazoeshwa kuishi kwenye chupa. Jeni ya binadamu inaingizwa humo kwa kutumia bakulovirusi, virusi vya wadudu ambavyo havimuambukizi binadamu, na baada ya siku mbili tatu seli zimejaa protini unayoitaka. Mimi nilipojua hili nilikaa kimya kidogo, mdudu yule yule tunayempulizia dawa shambani ndiye anatutengenezea kinasi.

Sasa kwa nini wasitumie bakteria wa E. koli ambao ni rahisi na wanakua usiku mmoja? Kwa protini nyingine wanatumia, lakini kinasi kubwa kwenye bakteria mara nyingi hazijikunji vizuri, zinaganda mabonge. Halafu kuna mapambo ambayo bakteria hawezi kuyaweka, kwa mfano GRK1 inapachikwa mkia wa mafuta wa kuisaidia kukaa kwenye utando, seli ya mdudu inaweza hiyo kazi, bakteria hana vifaa. Kwa hiyo si feki, ila swali la "imetengenezwa kwenye nini" ni la lazima na jibu lipo kwenye karatasi ya maelezo, isome.

"Usafi asilimia 95, basi asilimia 95 inafanya kazi"

Hapa ndo penye maumivu na nitakaa kidogo.

Usafi unapimwa kwa kupitisha protini kwenye jeli, unaipaka rangi unaangalia bendi. Lakini kabla ya kuingia kwenye jeli protini inachemshwa na sabuni, inanyooshwa kabisa kama uzi. Kwa hiyo jeli inakwambia uzi ni wa urefu gani na kama kuna nyuzi nyingine zimechanganyika, haikwambii kama ule uzi ulikuwa umejikunja sawasawa. Protini hai na protini mfu zinatoa bendi moja, mahali pamoja, nzuri kabisa.

Nimeliona kwa macho yangu. Kwenye maabara moja niliyofanyia kazi umeme ulikatika wikendi nzima, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikapanda joto polepole mpaka mambo yakayeyuka, halafu umeme uliporudi ikagandisha upya kila kitu na Jumatatu asubuhi friza inasoma vizuri tu, hamna aliyejua. Tulipitisha kinasi kwenye jeli, bendi safi. Tukaenda kwenye jaribio, hamna kitu. Wiki mbili tulikuwa tunatafuta kosa kwenye bafa (kimiminika cha kufanyia jaribio), kwenye ATP, kwenye pipeti, tukambana dada mmoja wa intern tukidhani anakosea kuhesabu, na yeye hakuwa na kosa lolote, mpaka mlinzi wa zamu akatuambia kuhusu umeme. Yule dada nilimuomba radhi na bado lile jambo linanikaa.

Kinachotakiwa ni kupima shughuli yenyewe: kwa dakika moja miligramu moja ya hii protini inahamisha fosfeti kiasi gani. Na hata namba hiyo ukiikuta kwenye karatasi usiichukue ukailinganisha na ya muuzaji mwingine kama bei za nyanya, maana yuniti ya huyu imepimwa kwa rodopsini na ya yule kwa kaseini ya maziwa, joto tofauti, ATP tofauti. Linganisha mwenyewe, benchi moja, siku moja.

Kuhusu kutunza, kichupa kikifika kiyeyushe kwenye barafu, mara moja, kigawe kwenye vityubu vidogo vya matumizi ya siku moja moja, andika tarehe, rudisha friza. Usikitie kwenye voteksi, ile mashine ya kutikisa, povu linaikunjua protini. Usiipunguze na maji matupu, ikiwa nyepesi sana inanata kwenye plastiki ya tyubu halafu unapipeti bafa ukidhani unapipeti kinasi, weka albumini kidogo. Na wanaosema mikrogramu 10 ni kidogo mno wafanye hesabu: kwa protini ya kilodaltoni 80 hiyo ni pikomoli 125, sawa na molekuli kama trilioni 75. Inatosha majaribio mengi tu kama haijachezewa.

"Bendi imekaa juu, wametutumia kitu kingine"

Fupi hii. Protini nyingi za kununua zina mkia wa kusafishia, kipande kilichoungwa ili protini ikamatwe kirahisi wakati wa kusafisha. Mkia wa histidini sita ni mdogo huoni tofauti, lakini GST, protini nyingine inayotumika kama mkia, peke yake ni kilodaltoni 26, kwa hiyo GRK2 yenye GST itakaa kwenye 105 hivi na si 80. Na ikikaa chini sana kuliko inavyotakiwa cheki kama umeuziwa kipande, maana kipande kisicho na mwisho wake kimekosa sehemu inayoshika vijisehemu vya beta na gama vya protini G, ambavyo ndivyo vinaivuta GRK2 hadi kwenye utando.

"GRK ni GRK, chukua yoyote iliyopo"

Zipo saba. Ya 1 na ya 7 ni za jicho, ya 4 inaonekana zaidi kwenye korodani, 2, 3, 5 na 6 zimesambaa mwilini. GRK2 inakaa ndani ya saitoplazimu mpaka iitwe, GRK5 yenyewe mara nyingi inakaa karibu na utando. Ukibadilisha moja kwa nyingine umebadilisha swali la utafiti wako.

"Weka kinasi, weka peptidi, weka ATP, imeisha"

Kinasi nyingine nyingi zinakubali peptidi fupi, yaani kipande kidogo cha protini, bila shida, ukizoea hizo utaisingizia GRK2 kwamba imekufa. GRK2 inapenda kipokezi kizima, tena kipokezi kilichoshikwa na dawa au homoni yake. Kushikana na kipokezi kilichoamka ndiko kunakoiamsha yenyewe, na peptidi peke yake inaigusa kivivu. Ndiyo maana watu wanatumia rodopsini kutoka macho ya ng'ombe, wanaiwekea taa, basi imewashwa, hata machinjioni kwetu macho yapo. Au tubulini, protini ya nguzo za ndani ya seli, ambayo GRK2 inaibandika fosfeti vizuri hata bila kipokezi. Halafu usisahau magnesiamu, bila hiyo ATP haitumiki. Na siku zote weka kontroo ya kinasi iliyouawa, kwa GRK2 ile ambayo lisini ya nafasi ya 220 imegeuzwa kuwa arginini, ili ujue fosfeti unayoiona imebandikwa imetoka kwenye GRK2 kweli au kwenye kinasi ya mdudu iliyoponyoka wakati wa kusafisha.

Na ATP yenyewe angalia kiasi. Ndani ya seli ipo kwa milimola, kwenye majaribio ya kutafuta vizuizi, yaani molekuli za kuizuia kinasi, watu wanaweka mikromola 10 hivi. Kizuizi kinachogombania nafasi na ATP kitaonekana shujaa kwenye tyubu halafu kwenye seli kinapotea, maana mpinzani wake humo ndani ni mara mia na zaidi.

"Kumbe ni dawa ya moyo, si wachome sindano tu?"

Hapana, na hii nasema kwa uzito kabisa. Kichupa cha utafiti hakijatengenezwa kwa masharti ya dawa, hakijapimwa sumu za bakteria kwa ajili ya mwili wa mtu, hakichomwi, hakinywewi. Hata ungekisafisha, protini ya kilodaltoni 80 haipenyi yenyewe kuingia ndani ya seli, na GRK2 kazi yake iko ndani.

Tena moyo ulioshindwa kazi hauna upungufu wa GRK2, unayo nyingi kupita kiasi, hilo lilionekana kwenye mioyo ya wagonjwa tangu mwaka 1993. Moyo ukichoka mwili unamwaga adrenalini na nduguye noradrenalini kuusukuma, GRK2 inapanda kuvituliza vipokezi, moyo unazidi kukosa usikivu. Wanachotafuta watafiti ni kuipunguza makali. Lakini hata kuipunguza kuna mipaka, panya wasio na GRK2 kabisa wanakufa wakiwa bado tumboni.

Na hapo ndo kichupa kinapoingia. Umbo la GRK2 ikiwa imeshikana na beta na gama lilichorwa kwa fuwele 2003, kwa protini iliyotengenezwa maabara. Mwaka 2012 wakipima molekuli moja moja juu ya GRK2 ya namna hiyo wakakuta paroxetini, dawa ya sonona iliyoidhinishwa Marekani 1992, inaingia kwenye mfuko ule ule wa ATP na kuizuia. Haina maana mgonjwa wa moyo ameze paroxetini, kwa sababu inakishika kisafirishi cha serotonini, shabaha yake ya kawaida kwenye ubongo, kwa nguvu zaidi sana kuliko inavyoishika GRK2, kwa hiyo wanakemia wakaanza kuikata na kuiunga upya, kila toleo jipya likirudishwa kupimwa kwenye tyubu yenye kinasi kidogo, magnesiamu na ATP.